Je, Uganda iongeze miaka ya elimu ya lazima hadi S.4 (kidato cha nne)?

Mzazi wa Busia

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kufikiri. Binti yangu wa mwisho atafanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka huu akiwa na umri wa miaka 13. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inasema elimu ya msingi ni ya lazima, huanza mtoto akiwa na miaka sita na huchukua miaka saba. Baada ya hapo hakuna anayedaiwa chochote. Lakini Sheria ya Watoto, jinsi ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakataza kumwajiri mtoto ambaye hajatimiza miaka 16, na Katiba haimruhusu kuolewa kabla ya miaka 18. Sasa mtoto wa miaka 13 ambaye mzazi wake hana karo ya S.1 (kidato cha kwanza), sheria inataka awe wapi kwa miaka hiyo mitatu ya katikati? Hapa Busia, mpakani na Kenya, jibu naliona kila asubuhi: wavulana wanasukuma baiskeli zenye magunia ya mahindi kuvuka mpaka, na wasichana wanalea watoto wa watu.

Majirani zetu wamekwisha kusogea. Kenya iliingiza wanafunzi wake wa kwanza wa gredi ya saba, mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini, Januari 2023, wengi wao katika viwanja vilevile vya shule za msingi walizokuwa wakisoma. Tanzania nayo, kwa sera iliyozinduliwa mwanzoni mwa 2025, inaelekea kwenye miaka 10 ya elimu ya lazima, sita ya msingi na minne ya sekondari. Je, sisi tufanye miaka 11, yaani kuanzia P.1 (darasa la kwanza) hadi S.4, iwe ya lazima? Naelekea kusema ndiyo, ila ningependa zaidi kuwasikia wanaopinga.

Mwalimu Mstaafu, Tororo

Mimi napinga, na sababu yangu ina tarehe. Januari 1997, UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote bila ada) ilipoanza, wanafunzi wa shule za msingi nchini waliongezeka kutoka takriban milioni tatu hadi zaidi ya milioni tano ndani ya mwaka mmoja. Nilikabidhiwa P.1 yenye watoto 140 chini ya mwembe, ubao ukiwa umeegemezwa kwenye shina, na mvua ilipotanda upande wa Mlima Elgon tuliwaruhusu waende nyumbani kwa sababu hapakuwa na paa la kuwatosha. Sikatai kwamba ulikuwa uamuzi mwema. Nasema tu kwamba darasa lilikuja kabla ya mwalimu, na mpaka leo bado tunamfukuzia yule mwalimu.

Kisha ukaja utaratibu wa kuwapandisha watoto darasa bila kujali wanajua nini, hivyo nikawapokea P.6 watoto walioshindwa kusoma aya moja ya Kiingereza, ilhali karatasi zote nne za PLE zimeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa namna hiyo ukimwongezea miaka minne unamwongezea miaka minne ya kukaa kimya nyuma ya darasa. Mkiongeza maji kwenye uji, sufuria itajaa, lakini unga ni uleule.

Kama kuna mwaka wa kuongeza, uwekwe chini, kabla ya P.1. Nasari zetu karibu zote ni za watu binafsi na za kulipia. Vijijini, mtoto wa miaka minne huletwa na dada yake na kuketishwa P.1, anakaa hapo mwaka, anarudia, anarudia tena. Katika daftari langu la mahudhurio nilikuwa na majina yaliyojitokeza miaka mitatu mfululizo. Watoto hao walikwisha kupewa miaka ya ziada, ila mahali pasipofaa.

Mama wa Arua

Mwalimu, nakuheshimu, na kuhusu nasari umesema kweli tupu. Lakini kuhusu yule anayekaa kimya nyuma ya darasa, naomba tutofautiane. Shule zilipofungwa Machi 2020, na madarasa yote yakaja kurejea Januari 2022, tulionyeshwa, bila kuomba, maisha ya msichana yalivyo shule inapoondoka. Katika mtaa wetu wasichana watano waliokuwa P.6 na P.7 walikuwa marafiki wa binti yangu. Wawili tu ndio walirudi. Shule yao ilikuwa mbovu, sikatai, lakini ilikuwa ukuta. Nani atakayemtaka mkwe wakati binti bado amevaa sare?

Kinachonitia shaka ni neno "lazima". Elimu ya sekondari ya serikali isiyolipiwa ada ilianza mwaka 2007, na bado mpwa wangu alipopata nafasi ya S.1 tulipewa karatasi ya mahitaji: rimu mbili za karatasi, mifagio miwili, sare, sweta, na pesa ya posho (ugali) ya mchana kila muhula. Hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa "ada". Tuliuza mbuzi. Ukiifanya S.1 kuwa ya lazima huku karatasi ile ikibaki kama ilivyo, utakuwa unamtoza faini mtu kwa kukosa mbuzi wa kuuza.

Fundi wa Katwe

Nitasema machache. Nina vijana wawili wa kuchomelea: mmoja aliishia P.7, mwingine ana cheti cha S.4. Wa P.7 ana mkono mzuri kuliko wa mwenzake, kwa kuwa alianza miaka minne mapema. Lakini mteja akitaka makadirio ya geti, namwita yule wa S.4, kwa sababu mwenzake hukadiria mabomba kwa macho na tumekwisha kupata hasara mara mbili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 unataka wanafunzi wafanye miradi kwa mikono, jambo ambalo nalipenda. Ila wanaokuja kwangu kutoka huko wananiambia mradi wao ulikuwa kutengeneza sabuni ya maji, basi.

Mzazi wa Busia

Nawashukuru. Nimegundua kitu katika mfano wangu mwenyewe: Tanzania wanaongeza miaka ya lazima huku wakipunguza shule ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Kumbe walichosogeza ni mlango wa kuchujia. Kwetu mlango huo ni PLE, unaohesabiwa kwa agrigeti (jumla ya alama za masomo manne, ndogo ndiyo bora) kuanzia 4 hadi 36, na nafasi za bure za mwaka 2007 zilianza kwa kukata kwenye 28, aliyezidi hapo akabaki nje. Mwalimu, nikikuelewa, aliyepata 30 unamtaka arudishwe kwenye msingi wake. Mama wa Arua anataka abaki ndani ya ukuta. Mimi naona hayo mawili yanaweza kwenda pamoja, endapo S.1 na S.2 zitafundishwa palepale kwenye shule ya msingi ya kijiji, na mwalimu wa kusoma na kuandika akaongezwa. Gharama yake sijaipiga hesabu, na naogopa kuipiga.

Kwa sasa, sekondari ya serikali iliyo karibu nasi iko kilomita tisa. Jana nilikwenda kuuliza bei ya baiskeli ya kike iliyotumika.

Mwalimu Mstaafu, Tororo

Kabla ya kulipa, kagua breki za nyuma.