Mjadala: Vihisi viamue kama ukumbi wa pamoja ubaki au uondolewe?

Msanifu majengo
Wakuu, naanza kwa kupinga. Siku hizi mwenye jengo la kupangisha anafunga kihisi darini, yaani kifaa cha kutambua kama kuna watu, anasubiri miezi mitatu, kisha anasema ukumbi hautumiki, ugawanywe uwe vyumba. Kosa linaanzia kwenye kifaa chenyewe. Kihisi cha kawaida cha kuwashia taa hakioni watu, kinaona joto linalohama. Wazee wawili wakikaa kwenye benchi wanazungumza bila kujongea, muda uliowekwa ukipita, tuseme dakika 15, kinaandika kwamba hakuna mtu. Anayekatiza kwenda kwenye lifti ndiye anayeandikwa. Kwa hiyo ripoti inaipandisha korido na kuushusha ukumbi, na yale mazungumzo ambayo ukumbi ulijengwa kwa ajili yake hayaonekani popote.

Fundi wa vihisi
Kuhusu kifaa hicho uko sahihi, ila dawa si kuacha kupima. Mlangoni weka kihesabio chenye miale miwili ya mwanga inayokatwa na anayepita, maana mwale mmoja hautofautishi anayeingia na anayetoka. Hata miwili inakosea: watu wakiingia bega kwa bega wanahesabiwa mmoja, na kosa hujilimbikiza, hivyo hesabu irudishwe sifuri kila usiku saa tisa. Ndani weka kipimo cha kaboni dayoksaidi, gesi tunayoitoa tukipumua, kwenye kimo cha mtu aliyekaa, mbali na dirisha. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 za gesi hiyo kwa milioni. Chumba kilichofungwa chenye watu wengi hupita 1,000. Hicho kinamwona hata aliyetulia tuli. Udhaifu wake ni kwamba huchelewa, na dirisha likifunguliwa namba inashuka ingawa watu wako palepale. Ndiyo maana nasema viwili pamoja.

Kuhesabu watu kwa waifai ya simu zao, achaneni nako. iOS 8, mfumo wa iPhone wa mwaka 2014, ilianza kuficha anwani halisi ya simu, yaani namba inayoitambulisha, inapotafuta mtandao, na Android ikafuata. Simu moja inaweza kuhesabiwa kama watu kadhaa.

Mtetezi wa wapangaji
Mnabishania usahihi, mimi nauliza namba hizo ni za nani. Kwenye jengo la kaya nane, hesabu ya kila saa ya chumba cha kufulia inatosha kumjulisha mwenye nyumba nani yuko macho saa nane usiku. Jina halihitajiki. Brooklyn, New York, wapangaji wa Atlantic Plaza Towers walipinga mfumo wa kutambua nyuso mlangoni, na mwaka 2019 mpango ukaachwa. Mwaka 2021 Jiji la New York likapitisha sheria inayodai idhini ya mpangaji kabla ya kuchukua data zake za kufungulia mlango, na kwa kawaida zifutwe ndani ya siku 90. Idhini itangulie kifaa, si kifaa kitangulie idhini.

Msimamizi wa majengo
Ukumbi mtupu nao unalipiwa na kila mpangaji: taa, usafi, ukarabati. Msipotupa namba, tutaamua kwa kusikiliza wenye sauti kubwa kwenye kikao, na hao si lazima wawe wengi.

Msanifu majengo
Namba sizikatai. Ila namba sahihi kabisa inajibu kuhusu ukumbi jinsi ulivyo tu. Ukiuweka mwisho wa korido, bila dirisha, mbali na ngazi, utakuwa mtupu na data itasema watu hawautaki, kumbe mlango ndio uko pabaya. Kabla ya kubomoa, sogeza mabenchi karibu na njia ya kila siku, toboa ukuta uone ngazi, halafu pima tena. Na mtu akae na karatasi siku 14, kila nusu saa aandike waliopita, waliosimama, waliokaa. Hakuna kihisi kati ya hivyo kinachotenganisha hayo matatu.

Msimamizi wa majengo
Siku 14 za kiangazi hazisemi lolote kuhusu masika.

Fundi wa vihisi
Kweli, mkuu. Basi karatasi itumike mara mbili, kiangazi na masika, na kihesabio cha mlangoni kibaki mwaka mzima. Kitoe jumla ya siku tu, bila saa, na jumla hiyo ibandikwe ukumbini kila wiki, wakazi waisome kabla haijafika ofisini kwako.