Mawazo ya usiku hapa Dar: mliyatulizaje?

Mgeni wa Tabata:

Habarini ndugu zangu. Natoka Nakuru, nina miezi minne Dar. Kazi ipo, chumba kipo, namshukuru Mungu. Shida yangu ni usiku. Nikizima taa tu kichwa kinaanza: mkataba hautaongezwa, mama nyumbani anaumwa na ananificha, wenzangu kazini wananisema. Nasikiliza feni ikizunguka mpaka adhana ya alfajiri. Sijui ni joto, ni upweke au ni ugonjwa. Mliotangulia mji huu mlifanyaje?

Jibu, kutoka Mbezi:

Mdogo wangu, pole sana, na umefanya vizuri kusema. Mimi ni dada yako wa Eldoret, huu mwaka wa kumi na moja niko Dar, na ule wa kwanza nusura nipande basi nirudi. Kwa hiyo nisome taratibu.

Utasikia wenyeji wakisema "fulani ana mawazo". Hawana maana kwamba anafikiri, wana maana anaumia, na kila mtu anaelewa papo hapo. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Kule Harare, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani kukaa na watu wa namna hiyo kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Matokeo yalipopimwa na kuchapishwa mwaka 2016, waliokaa na bibi hao walikuwa wamepata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Ninachokipenda ni kwamba bibi hamwambii mtu "acha kuwaza". Anamwuliza yanayomsumbua yote, wanachagua moja, wanapanga la kufanya wiki hiyo. Wewe umetaja matatu. La mama ndilo lenye simu: mpigie dada au jirani yake mchana, umwulize waziwazi, usilisubirishe hadi saa nane za usiku ambapo huwezi kumpigia mtu.

Kilichoniokoa mimi ni kuyapa mawazo saa yake. Nilidhani nimeokota ujanja wa mitaani, kumbe mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Borkovec, na wenzake waliuandika mwaka 1983: nusu saa kila siku, wakati uleule, mahali palepale, unakaa na wasiwasi wako makusudi. Wazo likija nje ya saa hiyo unaliambia lisubiri. Yangu ilikuwa saa kumi na moja jioni, kwenye ngazi ya nje, kabla jua halijazama. Ukiwazia kitandani, kitanda chenyewe kinakuwa mahali pa kuwazia, na kila ukilala kichwa kinaripoti kazini. Wiki ya kwanza nilishindwa karibu kila usiku. Wiki ya tatu nikashtuka kumekucha na sikumbuki nilisinzia saa ngapi.

Pili, nunua daftari la kaunta. Piga mstari katikati ya ukurasa: kushoto andika kilichotokea, kulia ulichojiambia. Ngoja nikupe ukurasa wangu mmoja. Nilikwenda genge la jirani nikasema kama tunavyosema kwetu, "Nipe nyanya za elfu moja." Mama wa genge akaniangalia kidogo, akanyamaza, akafunga nyanya, akanipa. Nilirudi nyumbani nimevimba: hawa watu hawanitaki. Usiku nikaandika. Kushoto: "Aliniangalia. Alinyamaza. Alinipa nyanya na chenji." Kulia: "Ananichukia." Nikausoma upande wa kushoto mara mbili, chuki sikuiona popote. Kesho yake nikaenda na "Shikamoo mama, naomba nyanya." Akaitika marahaba, akaongeza nyanya mbili. Kumbe kwake "nipe" ilikuwa amri, na mimi kwetu ilikuwa lugha ya kawaida tu. Hao wenzako wanaokusema, andika kushoto walichosema hasa, neno kwa neno. Ikiwa hukusikia neno, kushoto pataachwa wazi, na upande huo mtupu utakuambia kitu.

Halafu kahawa. Najua vijana wageni mnapenda kukaa kijiweni jioni na kahawa na kashata, na kijiwe chenyewe ni dawa ya upweke, usikiache. Ila kahawa ya saa mbili usiku, nusu ya nguvu yake bado iko mwilini saa saba. Kaa na wazee, piga nao soga, agiza tangawizi.

Na hili nalisema kwa uzito. Ikiwa siku nyingi ndani ya wiki mbili huna raha na kitu chochote, huli, hulali, usiishie kwenye daftari. Hospitali ya Taifa Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na kwenda pale si aibu. Likikujia wazo la kujidhuru, usingoje hata kesho: mwamshe mtu, aende na wewe hospitali usiku huohuo. Mimi niliwahi kumsindikiza rafiki. Tulikaa kwenye foleni tukala karanga, akaonana na daktari, akarudi na dawa na tarehe ya kurudi, kama anayetibiwa presha.

Jibu, kutoka Kigamboni:

Dada kamaliza, mimi naongeza dogo. Mdogo wangu, mwili uliokaa ofisini kutwa na kwenye daladala la kusimama jioni haujachoka kwa namna inayoleta usingizi. Mimi hutembea asubuhi, jua la kwanza linipate usoni kabla joto halijapanda, na simu huiacha chumbani. Jumapili nitavuka na pantoni ya mapema. Saa kumi na mbili na nusu nitakuwa upande wa Magogoni, karibu na soko la samaki la Feri. Tutafuata barabara ya baharini mpaka tuchoke, kisha chai na vitumbua. Si lazima uongee.

Mgeni wa Tabata:

Asante dada, asante kaka. Nimempigia jirani ya mama leo mchana. Ni goti, na kweli alikuwa akinificha. Daftari nimenunua. Jumapili nitakuja, nitavaa shati la bluu.