Kampuni ya tuisheni ndani ya shule ya serikali: inasaidia kweli?

MamaZai: Wanajamvi, naombeni mawazo. Shule anayosoma binti yangu, darasa la tano, kamati imeleta kampuni ya tuisheni. Wanaanza saa tisa alasiri, mzazi analipa shilingi 500 kwa kipindi. Sikatai kulipa. Ila jana nimefungua daftari lake la tuisheni nikaumia. Limejaa maswali ya mitihani ya darasa la saba, majibu yamenakiliwa ubaoni, tiki nyekundu kila ukurasa. Nikampa 402 toa 157. Kaandika 355! Kila safu katoa namba ndogo kwenye kubwa, kuazima hajui kabisa. Tukakaa chini na vijiti, tukavifunga mafungu ya kumikumi, akaipata 245 mwenyewe. Sasa hao wanamfundisha nini?

Mwl_Chaki: Dada, mimi nafundisha hisabati shule ya serikali, darasa langu linapita watoto tisini. Hiyo 355 naiona kila mwaka. Mtoto alikwama huko nyuma, na swali moja tu lingemfichua. Watu wa tuisheni waliokuja shuleni kwetu hawakuniuliza nani amekwama wapi. Walikuja na karatasi zao zimeshachapwa, wakajaza chumba. Hilo ni darasa lilelile mara ya pili, tena mtoto ana njaa. Pratham, shirika la elimu kule India, walianza na kumpima mtoto, wakawapanga kwa kile wanachokijua, sio kwa darasa. Majaribio ya Mumbai na Vadodara mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalionyesha waliokuwa nyuma ndio walionufaika zaidi. Na waliowafundisha walikuwa wasichana wa mtaa huohuo waliomaliza sekondari, sio wataalamu wa bei kubwa.

Mdau_Birmingham: Niko Uingereza, ni msaidizi wa mwalimu. Huku serikali ilianzisha mpango wa tuisheni mashuleni mwaka 2020, baada ya korona. Kawaida ilikuwa jumla ya saa 15 kwa mtoto, mwalimu mmoja kwa watoto watatu. Mwanzoni kampuni ndizo zilizotegemewa, lakini shule nyingi zikaona bora kutumia walimu wao, na 2022 fedha zikapelekwa shuleni moja kwa moja. Niliowaona wakipiga hatua ni wale ambao mwalimu wa darasa alikaa na mkufunzi kila wiki. Wengine walitolewa kwenye sayansi wakafundishwe hesabu kwenye kompyuta na mtu asiyewajua hata majina.

MamaZai: Asanteni sana. Jumamosi kuna kikao cha wazazi. Nitadai nione walimpima lini mwanangu na matokeo yako wapi. Mwalimu, nikiomba vikundi vya watoto kumi, si watasema hailipi?

Mwl_Chaki: Watasema. Waambie wachukue waliokwama tu, wanaojua waende nyumbani wakale na kucheza. Na mwalimu wa hisabati wa darasa lake aitwe kikaoni kwa barua ya kamati. Bila barua hatakuja, na akija hataongea.