Mazungumzo ya historia mtaani: bibi mmoja kasema neno, baraza likanyamaza. Nifanyeje mara ya pili?

MwalimuMstaafu, Pangani

Asalaam aleikum wana jukwaa. Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka 33, sasa nimestaafu na sijui kukaa bure. Mwezi uliopita nilijitia kiherehere nikaandaa jioni ya historia ya Pangani yetu, darasani, bila kiingilio. Nikaalika msomi kutoka Dar. Walikuja watu 19. Ukitoa ndugu zangu wanabaki 12.

Msomi alisoma karatasi saa nzima na ushei. Aprili 1888 Sultani Khalifa anawapa kampuni ya Wajerumani ukanda wa pwani kwa miaka 50. Agosti wanakuja kupandisha bendera yao, Zelewski, mtu wa kampuni hiyo, anagombana na liwali wa Sultani, vita vinalipuka. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita hivyo, ananyongwa hapa hapa Pangani. Sina la kumkosoa, ila alisoma kama anaita mahudhurio. Mzee mmoja alisinzia mpaka kofia ikamdondoka.

Utamu ulikuja tulipotoka nje kunywa kahawa. Yule mzee wa kofia akasema, "Mbona bwana mkubwa hakutaja mbwa?" Akasimulia alivyosimuliwa na bibi yake: Nyundo (ndilo jina watu walilompa Zelewski) na watu wake walivyoingia msikitini siku ya Idi, viatu miguuni, mbwa nyuma. Watu wakaanza kuvuta viti. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita akazima pikipiki.

Sasa, kulikuwa na bibi pembeni, jioni nzima yuko na kashata yake, hajafungua mdomo. Akasema polepole: "Abushiri, Abushiri. Na lile shamba lake la miwa, alikuwa analima nani? Babu yake mama yangu."

Kimya. Ghafla kila mtu akakumbuka jambo. Wa Bweni wakasema wanawahi kivuko. Mimi nikakusanya vikombe ambavyo vingine vilikuwa bado na kahawa.

Watu wananidai jioni ya pili. Swali langu: lile neno la bibi nilirudie, au niliache lilipoangukia? Mji wetu mdogo. Kila mtu anajua nyumba ipi ilitokana na watumwa na ipi na waliowamiliki, na kulitamka ni tusi. Na msomi nimwite tena?

Kijiweni_Kila_Siku

Mwalimu, hapo umekosa posho tu. Weka soda na nauli uone kama darasa halijajaa.

MwalimuMstaafu, Pangani

Watakaofuata soda watakuja, mwanangu, na soda ikiisha wataondoka. Wale wa kwenye kahawa walikaa bila kupewa kitu.

Mnyalukolo, Iringa

Shikamoo mwalimu. Kwanza salamu za utani: huyo Nyundo mlimfukuza nyinyi, tukammalizia sisi. Agosti 17, 1891, Lugalo, mikononi mwa watu wa Mkwawa, mtemi wa Wahehe. Mkihadithia habari za mbwa, malizieni na Lugalo, msituibie mwisho wa hadithi.

La pili si utani. Kalenga tuna makumbusho, na fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954 lipo pale. Wageni wakija wanaambiwa habari za shujaa, basi. Nilipokuwa mdogo babu yangu wa upande wa mama, ambaye si Mhehe, alikuwa akisikia jina hilo anatema mate pembeni, kwa sababu Mkwawa naye alipigana na majirani na wapo waliolia. Sijawahi kusikia hilo likisemwa mbele za watu. Ningetamani angetokea bibi kama wako. Mimi nasema lirudie.

BintiKibokoni, Mombasa

Shikamoo Bi Mwalimu. Mnyalukolo anasema lirudie kwa sababu hatakuwepo kesho yake sokoni.

Mimi naona hivi. Huku kwetu ng'ambo, Kisauni, kuna Frere Town, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele yao iko hadi leo na mahali pameitwa Kengeleni. Wajukuu wa pale hawaoni tabu kusema wazee wao walitoka wapi, kwa kuwa wana kengele ya kuonyesha. Huyo bibi yako hana cha kuonyesha. Ana lile neno lake tu, na nyinyi mmekimbilia kivuko!

Kwa hiyo usilirudie wewe. Si lako. Mwendee nyumbani, tena usiende mikono mitupu, umuulize yeye anataka lisemwe au limetosha. Na akikubali, msianze na nyumba za watu. Anzeni na kazi: muwa ulikuwa unakatwaje, unakamuliwaje, asali yake ilikuwa inachemshwa wapi. Atakayetaka kusema zaidi atasema mwenyewe.

Na kabla ya hapo, tafuta mtu mwenye sauti aghani utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, ule wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, yaani Wajerumani walivyoitwaa pwani yenu. Huyo ni mtu wa pwani hiyo hiyo, aliandika watu wangali wana makovu. Nusu saa ya utenzi inalainisha baraza kuliko karatasi yoyote.

Kijiweni_Kila_Siku

Nafuta kauli yangu ya soda. Ila kahawa iwepo.

MwalimuMstaafu, Pangani

Narudi na habari. Nilikwenda juzi na kilo ya sukari. Nilipomkabidhi akaiangalia, akacheka mpaka akakohoa: "Sukari tena, mwalimu?" Nilitamani ardhi inimeze.

Amekubali. Ila kwa masharti. Hataki darasani, anasema darasani alichapwa tu. Iwe uani kwake, baada ya alasiri, wanawake wapate kuja kabla ya kupika. Hataki kipaza sauti. Habari ya nani alimilikiwa na nani hatataja, ila nyimbo mbili za kukatia miwa anazo, alizipata kwa mama yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Mzee wa mbwa naye aje, bora asilale.

Msomi nimempigia. Nimemwambia safari hii atakaa mkekani asikilize. Amefurahi sana, kisha akauliza kama uani kuna umeme wa projekta.