Mrejesho: bushi za shafti ya boti, Mkoani

Assalaam aleikum. Mwezi uliopita niliuliza nikereze bushi (vibomba vifupi ambamo shafti huzunguka) za boti yetu kwa shaba ya aina gani, maana zile za brasi (shaba iliyochanganywa na zinki) zililiwa na maji ya chumvi mpaka zikawa nyekundu, unazimegua kwa kucha.

Nimemfuata kaka aliyesema niache bronzi ya alumini, kwani ni ngumu na shafti yangu ni laini, nichukue bronzi iitwayo SAE 660: shaba 83, bati 7, risasi 7, zinki 3 kwa mia. Inakerezeka vizuri mno! Chenga zinakatika fupi fupi, haziviringiki kwenye kisu.

Nilipokosea ni hapa: tundu nililimaliza kwa kipimo kamili kabla ya kupachika. Bushi ilipobanwa mahali pake tundu likapungua, shafti ikagoma kuingia. Mzee wangu alishaniandikia nimalizie tundu baada ya kupachika, sikumsikiliza. Naomba radhi, mzee. Ya pili nilifanya hivyo, ikakubali.

Boti imeshatoka mara nne, mtetemo umekwisha. Maji bado yanadondoka kidogo kwenye pakini (kizibo cha kuzuia maji kwenye shafti) kwa sababu shafti ina mfereji wa zamani. Hilo bushi haiwezi kuliponya. Ahsanteni sana nyote.