Je, kuna filamu ambazo VJ hapaswi kuzigusa?

Mkazi wa Jinja

Habari zenu, ndugu wapenzi wa filamu. Mimi nimekulia kwenye vibanda vya video na sioni haya kulisema, kwani filamu nyingi nilizoziona utotoni nilizisikia kwa Kiganda kinywani mwa VJ, yaani mtafsiri anayeisimulia filamu inapoendelea, ambaye humpa steringi jina la mtaani, hutabiri nani atakufa, na humkemea adui kana kwamba anamdai. Juzi, hata hivyo, niliangalia kibandani A Quiet Place: Day One ya mwaka 2024, aliyoigiza Lupita Nyong'o, nikatoka nimechanganyikiwa. Hadithi nzima imesimama juu ya jambo moja: viumbe waliolivamia jiji la New York huwinda kwa kusikia, kwa hiyo anayetoa sauti ndiye anayekufa. Lupita ananyata na paka wake kifuani, watu wamebana pumzi, na VJ anaongea! Jirani yangu kwenye benchi aliuliza, tena kwa dhati, "Mbona huyu anayepiga kelele haliwi?" Naomba maoni yenu: kuna filamu za kuwekea akiba ya jumba la sinema, au ni mimi nimeanza kuzeeka?

Mwalimu wa Busia

Ndugu yangu, hujazeeka. Mimi ningeiweka hapo Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka Aprili 2025, ingawa ni filamu ya kutisha, ya mumiani wanaonyonya damu, na kwa kawaida aina hiyo VJ huimudu vizuri. Michael B. Jordan anaigiza mapacha wawili wanaorudi kwao Mississippi mwaka 1932 ili wafungue ukumbi wa muziki, na kwa muda mrefu hakuna anayeng'atwa. Tunawaona tu wakitafuta wapiga muziki, mpishi na mlinzi wa mlangoni, hadi unasahau kwamba ulikuja kuogopa. Kisha kijana Sammie anashika gitaa na kuimba, na ndani ya chumba kilekile wanatokea wapiga ngoma wa Afrika ya kale pamoja na wapiga muziki ambao mwaka huo walikuwa hawajazaliwa, wote wakicheza wimbo mmoja. Niliiona Kampala nikiwa na binamu yangu, ambaye husinzia hata kwenye mechi ya fainali, na hapo alikaa wima. Mtu akisema neno moja juu ya muziki ule, amekuibia.

Nililolipenda zaidi ni la mlangoni. Mumiani hao hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe, nasi tuliofundishwa kuitikia "karibu" kabla ya hodi ya pili tungekuwa tumekwisha mapema sana. Lawama yangu ni moja, kwamba mapigano ya mwisho yamerundikwa kwa haraka baada ya mwanzo uliopikwa kwa moto mdogo.

Mama wa Ntinda

Mwalimu, hayo ni ya watu wazima. Mimi niliwapeleka wanangu kuona Mufasa: The Lion King ya Barry Jenkins, iliyotoka Desemba 2024, na shida yetu ilikuwa nyingine kabisa. Nyumbani tunazungumza Kiswahili, basi simba wa pili alipoitwa Taka, mdogo wao aliniuliza kwa sauti iliyosikika safu tatu ni mzazi gani huyo anayemwita mtoto wake uchafu. Wanyama wale wanaitafuta nchi iitwayo Milele, na hilo walilielewa bila mkalimani. Picha ni nzuri mno, lakini hadithi inasimuliwa na Rafiki huku Timon na Pumbaa wakiidakia kila mara, yaani filamu imekuja na VJ wake ndani, tena asiyechekesha. Wa Kiganda angetufaa zaidi.

Mwenye Kibanda, Njeru

Nimesoma yote kwa makini, kwa kuwa lawama inanigusa. Wateja wangu wengi hawakifuati Kiingereza cha Mississippi, na kusema kweli hata mimi sikukielewa chote. Bila VJ wangeona watu weusi wakibishana, kisha damu. Katika kibanda changu mlango ule wa Sinners ulirudishwa nyuma mara mbili kwa madai ya benchi la mbele, na VJ alipomfanya mumiani abishe hodi kwa adabu ya mkwe, nilidhani mabati yatang'oka kwa kicheko. Hata hivyo, kuhusu Lupita nakubali. VJ anaporekodi hupunguza sauti ya filamu ili yake isikike, na ukimya ndio unaokufa kwanza.

Ndugu wa Jinja, ukivuka daraja siku ya Jumatatu mchana nitakuwekea isiyotafsiriwa. Utakaa peke yako, maana siku niliyoijaribu wateja walidhani spika zimeharibika wakadai fedha zao.