Punda SIYO ng'ombe asiye na pembe! Wauza dawa za mifugo mtatumalizia wanyama

Wakuu, hili nimekaa nalo wiki nzima. Leo nalitoa, maana likibaki tumboni litanipasua.

Jumatatu iliyopita nimezika punda. Ndiyo, nimemzika, wanaotaka kucheka wacheke. Jike la miaka tisa, lina mimba ya miezi minane. Wafugaji wenzangu mnajua maana yake. Punda anabeba mimba karibu mwaka mzima na anazaa mmoja, kwa hiyo pale nimezika wawili. Nimezika na maji ya nyumbani kwangu pia, maana mimi nipo huku Kiteto na kisima kipo mbali. Tangu mimba ionekane nilishampunguzia mzigo, madumu mawili tu badala ya manne. Namtunza mnyama kumbe namtunzia mwenye duka.

Kilichoanza ni kupe. Walimjaa masikioni na chini ya mkia. Nikaenda mjini kwenye duka la dawa za mifugo, jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Nikamwambia kijana wa kaunta kwa Kiswahili cha kueleweka kabisa: nataka dawa ya kupe, ya PUNDA. Akanyoosha mkono kwenye shelfu hata hajageuza shingo, akanipa chupa ya dawa ya kuogeshea. Nikamuuliza mara ya pili, hii kwa punda haina shida? Akacheka. "Mzee, punda si ng'ombe tu asiye na pembe? Changanya, pulizia."

Nikachanganya, nikapulizia.

Kesho yake hakula. Amesimama kichwa chini, masikio yamelala, pumba hazitaki, mavi hakuna. Na hapa ndipo punda anapoponzwa na tabia yake. Mbuzi akichomwa mwiba kijiji kizima kitajua. Punda tumbo linamkata anasimama tu kama anawaza madeni. Majirani wakaniambia amechoka, mwache apumzike. Nikampigia bwana mifugo, yupo kwenye ng'ombe, atakuja. Alikuja siku ya tatu, saa nne asubuhi. Punda alikuwa amekufa alfajiri.

Kuna daktari wa mifugo mstaafu nilimpelekea ile chupa. Aliisoma akatikisa kichwa. Ndani kuna amitrazi. Kwa ng'ombe ni dawa ya kupe ya siku zote, lakini kwa farasi na punda inazuia utumbo kufanya kazi. Chakula kinasimama palepale, kinakauka, kinaziba. Juu ya hapo akaniambia kitu ambacho miaka yote ya kufuga sikuwahi kukisikia: punda asipokula siku mbili tatu, hasa jike lenye mimba, mafuta ya mwilini yanamwagika kwenye damu na ini linashindwa kazi. Yaani hata lile tumbo lingefunguka, kule kukaa na njaa peke yake kulikuwa kunamuua. Ile "mwache apumzike" ndiyo iliyommaliza.

Najua kuna mtu tayari anaandika "ungesoma lebo". Nimeisoma! Imeandikwa kwa herufi za ukubwa wa chawa, kwa Kiingereza, kwamba isitumike kwa farasi. Huku kwetu nani ana farasi? Mnataka mtu aliyekuja kununua dawa ya kupe ajue mwenyewe kwamba punda na farasi ni ukoo mmoja? Huyo aliyekaa nyuma ya kaunta kazi yake nini, kupokea hela?

Na siyo duka peke yake. Kampeni ya chanjo ya 2025 ilikuja na ng'ombe, mbuzi, kondoo, hadi kuku wamechanjwa. Punda? Ugonjwa wenyewe tumeuita pepopunda, jina lake limo humo, na kidonda kidogo tu cha tandiko kinatosha kumpa, lakini nenda kaulizie chanjo yake uone utakavyoangaliwa. Nchi hii "punda afe mzigo ufike" watu wanadhani ni mwongozo wa ufugaji.

Tulipiga kelele sana wakati machinjio ya Dodoma na Shinyanga yanachinja punda, ngozi zinaenda China kuchemshwa gundi ya ejiao, dawa ya kienyeji ya Wachina. Nyakati zile ukilala bila kuwafungia, asubuhi unakuta kamba. Serikali ikapiga marufuku, na Februari 2024 viongozi wa Afrika nzima wakakubaliana hivyo hivyo kule Addis Ababa. Safi, nilishangilia. Lakini kumkinga na kisu halafu mnamwacha afe kwa dawa ya ng'ombe, hiyo ni hesabu gani? Punda walipungua, na kwa uzazi wao ule wa mmoja kwa mwaka hawarudi leo wala kesho. Mimi wa kununua mwingine sina hela.

Kama kuna mtu humu amepulizia kama mimi na punda ameanza kususa chakula, usisubiri kesho wala usisikilize majirani. Tafuta daktari SAA HIYOHIYO na nenda na chupa mkononi aione. Na mwenye kumjua daktari anayeshika punda kweli kweli, Kiteto, Kondoa, hata Dodoma mjini, aniandikie. Nimebaki na dume moja, nalo lina kupe vilevile, na mimi sasa hata maji ya sabuni naogopa kulimwagia.

Ile chupa nilirudi nayo dukani, imebaki zaidi ya nusu. Nikamweleza yule kijana yote kama nilivyowaeleza ninyi. Akaishika, akaigeuza, akaangalia kizibo. Akasema haipokelewi, imeshafunguliwa.